Protini Haina Ghala

Mwaka 1990, miaka minne kabla gereza la zamani la Dzaleka halijageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi, pelagra iliwapiga wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wamehifadhiwa Malawi. Kati ya Februari na Oktoba waliandikishwa wagonjwa karibu 18,000. Ngozi ya shingo, mikono na miguu, yaani kila mahali panapopigwa na jua, iliwaka, ikawa nyeusi, ikachubuka. Wengine waliharisha, wengine wakachanganyikiwa akili. Watu hawa hawakukosa unga. Mahindi walikuwa wakiyapata. Kilichokatika kwenye mgao wao ni karanga.

Karanga zilikuwa zikiwaletea niasini, vitamini ambayo kukosekana kwake ndiko kunakoleta pelagra. Mahindi nayo yana niasini, ila imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuifungua, labda mahindi yalowekwe kwenye maji ya chokaa au majivu kama wafanyavyo watu wa Meksiko tangu enzi. Mwili una njia ya pili: unaweza kujitengenezea niasini kutoka kwenye triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Lakini protini ya mahindi ni maskini wa triptofani. Karanga zilipokatika, njia zote mbili zikaziba kwa wakati mmoja. Waliochunguza mlipuko ule waliona kwamba kaya zilizoendelea kupata karanga, na zile zilizokuwa na bustani, ziliponea zaidi.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinastahili kujulikana na kila anayepanga chakula cha wakimbizi katika nchi hii, na kwa sababu kinaonyesha protini ni kitu gani hasa. Tumezoea kuitaja kama kundi moja la vyakula: nyama, samaki, maharage, mayai, basi. Kumbe kwa mwili protini ni mkusanyiko wa asidi amino 20. Tisa kati ya hizo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Ni lazima ziliwe. Ikipungua moja tu kati ya hizo tisa, ujenzi unasimama kwenye kipimo cha ile iliyopungua, hata nane nyingine zikiwa tele. Na kinachojengwa si misuli peke yake. Vimeng'enya vinavyosaga chakula ni protini. Kingamwili zinazopambana na surua ni protini. Himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, insulini inayotawala sukari, albumini inayozuia maji ya damu yasivuje kwenda kwenye tishu, zote ni protini.

Halafu kuna jambo moja ambalo mjadala wa chakula kambini hulipita haraka, nami naliona kuwa kiini cha suala zima. Mafuta yana ghala mwilini. Sukari ina ghala dogo kwenye ini na kwenye misuli. Protini haina ghala. Ukila maharage mengi leo, asidi amino zilizozidi hazisubiri wiki ijayo. Zinachomwa kuwa nguvu, naitrojeni yake inatoka kwenye mkojo. Siku ambayo protini haipo, mwili unakata kwenye misuli yake wenyewe. Mtu mzima mwenye afya anavumilia siku kadhaa za hivyo. Mtoto wa miezi kumi na minane anayetakiwa kukua kila siku, na ambaye amehara juzi, hana uvumilivu huo.

Sasa tuitazame Dzaleka. Kambi iko wilaya ya Dowa, kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Maziwa Makuu, ikapangiwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Leo ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao Wakongomani, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho lugha ya soko lake. Kwa miaka mingi mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulitolewa kama vyakula: mahindi, kunde za aina fulani, mafuta ya kupikia, wakati mwingine unga wa mahindi uliochanganywa na soya. Miaka ya karibuni sehemu kubwa imekuwa ya fedha taslimu. Kwa sura zote mbili, mgao umepunguzwa mara kadhaa kwa ufinyu wa michango, wakati mwingine hadi nusu.

Nusu ya mgao ni nini kwa protini? Tupige hesabu, kwa makadirio. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini gramu 50 kwa siku, kwa kipimo cha kimataifa cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake. Katika hizo anahitaji laisini, mojawapo ya zile tisa, gramu 1.8. Nusu kilo ya unga wa dona ina protini kama gramu 40. Haiko mbali na 50. Lakini laisini yake ni gramu 1.1 tu, maana laisini ndiyo udhaifu mkubwa wa mahindi. Ongeza gramu 50 za maharage makavu, konzi moja ya mkono mdogo. Protini inafika 51, laisini inavuka 1.8 kidogo. Konzi hiyo moja ndiyo inayoufanya ugali wote uwe na kazi mwilini, kwa sababu maharage yana laisini nyingi na mahindi yana methionini ambayo maharage yamepungukiwa nayo. Bibi zetu wa Uvira na Bujumbura hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Kata mgao nusu. Protini haibaki gramu 25 zenye manufaa. Inashuka zaidi ya hapo. Chakula chote kikipungua, nguvu nayo inapungua, na mwili wenye njaa hauchagui: unachoma protini ile ile iwe kuni. Ndiyo maana kumhubiria mama mwenye nusu ya unga kwamba awape watoto vyakula vya kujenga mwili ni kumtwisha kosa lisilo lake. Unga ukitosha, maharage machache yanajenga. Unga usipotosha, hata yai linaungua.

Na kwenye fedha taslimu shida inakuja kwa mlango mwingine. Malipo huja mara moja kwa mwezi, na mara nyingine huchelewa. Kaya inapopokea, inalipa deni la dukani, inanunua gunia au nusu gunia la mahindi kwa sababu bila ugali hakuna siku, inalipa kinu. Mboga inanunuliwa kwa kilichobaki, siku kwa siku. Wiki ya kwanza kuna ndagala na maharage, wiki ya tatu kuna lengalenga na chumvi. Ukijumlisha mwezi mzima na kugawa kwa siku thelathini, takwimu inaweza kupendeza. Mwili haujumlishi hivyo.

Kinu chenyewe kina neno la kusema. Malawi, kama Tanzania, inapenda unga mweupe. Sembe, au ufa woyera kama wanavyouita wenyeji, hupatikana kwa kukoboa mahindi na kuondoa kiini, kisha mara nyingi kuloweka na kuanika kabla ya kusaga. Kiini kile ndicho chenye protini bora ya punje nzima, yenye laisini na triptofani nyingi kuliko ile ya wanga mweupe unaobaki. Mgaiwa, ambayo ni dona ya Malawi, inasagwa na kiini chake. Kwa kaya yenye nyama kila siku tofauti hii ni ndogo sana. Kwa kaya ambayo ugali ndio karibu kila kitu, kukoboa ni kutupa sehemu ya mboga kwenye pumba. Nalisema hili nikijua kwamba unga mweupe una heshima yake mbele ya mgeni.

Wanaotoka Kivu wana suala lao la ziada, nalo ni fufu ya muhogo. Unga wa muhogo una protini gramu moja au mbili tu katika kila gramu mia, na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unabaki na sayanidi. Mwili unaiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa, na salfa hiyo unaitoa kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini. Asiyekula protini hana cha kuiondolea. Tarime, mkoani Mara nchini Tanzania, katika ukame wa 1985, watu walifupisha matayarisho ya muhogo kwa sababu njaa ilikuwa mlangoni, na wengine wakaamka miguu imekakamaa kwa kupooza kusikopona. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo ambako ulielezwa kitabibu mwaka 1938. Muhogo uliolowekwa siku tatu na kuliwa na sombe na samaki haumdhuru mtu. Muhogo wa haraka uliokosa mboga ndio hatari.

Kuhusu mboga zenyewe, eneo hili halina uhaba wa vitu vizuri. Usipa, samaki wadogo wa Ziwa Malawi, wakianikwa juani kwenye vichanja vya Salima na Nkhotakota, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wanaliwa wazima pamoja na mifupa yake yenye kalsiamu. Lilongwe ndiko wanakopitia. Sokoni wanauzwa kwa kikombe, na anayenunua huwapepeta kiganjani kwanza kuondoa mchanga, kwa sababu mchanga nao unapimwa. Nandolo, yaani mbaazi, zinastawi nchini. Soya pisi, vile vipande vikavu vya soya vinavyochemshwa, kukamuliwa na kukaangwa na nyanya na kitunguu, vimekuwa nyama ya watu wa kipato kidogo mjini Lilongwe na hata kambini. Watu wengine huvidharau. Soya ni miongoni mwa mimea michache ambayo protini yake inakaribia ya nyama kwa ukamilifu wa zile asidi tisa. Na uji wa likuni phala, mahindi sehemu nne na soya sehemu moja, ulipata jina lake kwa misheni ya Likuni, pembezoni mwa Lilongwe hapa hapa.

Karanga nazo zinatoka kwenye tambarare hii hii ya Lilongwe. Kituo cha utafiti cha Chitedze, kwenye barabara ya Mchinji, ndicho kilichotoa mbegu ya CG7 ambayo wakulima wengi bado wanaipanda. Nsinjiro, unga wa karanga unaotiwa kwenye majani, unaibadilisha mboga nzima. Lakini karanga zilizovunwa na kuwekwa zikiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu huharibu ini, kiungo kile kile kinachotengeneza albumini. Karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi huuzwa kwa bei ya chini, na anayenunua kwa bei ya chini ni maskini. Hapo ndipo uangalizi wa masoko unapohitajika kuliko semina nyingine ya lishe.

Sasa tufike kwenye ugonjwa ambao karibu kila mtu akisikia protini huufikiria: unyafuzi, kwashiakoo ya kwenye vitabu, bwaki ya watu wa Kivu ya Kusini. Mtoto anavimba miguu, uso unakuwa mviringo, nywele zinafifia na kung'oka kirahisi, anakuwa mchovu na mwenye kinyongo. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huu mwaka 1933 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, na akashuku upungufu wa protini kwa watoto walioachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi. Kwa miaka arobaini dunia ilimfuata kwa shauku kuliko yeye mwenyewe alivyodai. Umoja wa Mataifa ukaunda kamati ya protini, viwanda vikatafuta unga wa samaki, mikutano ikazungumzia pengo la protini la dunia. Mwaka 1974 mtaalamu wa lishe Donald McLaren akaandika kwenye jarida la Lancet kwamba lote lile lilikuwa balaa kubwa la kitaalamu: watoto wengi walikosa chakula kwa ujumla wake, na fedha zilitumika kutibu kitu kingine.

Malawi imetoa sehemu kubwa ya ushahidi uliofuata. Watafiti waliwafuatilia watoto wa vijijini kabla hawajaugua, na hawakuona kwamba waliokuja kuvimba walikuwa wamekula protini kidogo kuliko wenzao. Wakajaribu kuwapa zaidi ya watoto 2,000 vitamini na madini ya kupambana na kutu ya chembechembe za mwili, unyafuzi haukuzuilika. Halafu, mwaka 2013, ukachapishwa uchunguzi wa jozi 317 za mapacha wa Malawi. Mapacha wanaishi nyumba moja na kula chungu kimoja. Katika jozi karibu nusu, wote wawili walibaki na afya; katika asilimia 43, mmoja alipata utapiamlo mkali na mwenzake hakupata. Bakteria wa tumbo la pacha mgonjwa walipopandikizwa kwa panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya wakakonda sana. Wale wa pacha mwenye afya hawakuleta madhara kama hayo. Tumbo lenye bakteria walioharibika, kwa kuhara na maji machafu, linaishi kwenye sahani yenye chakula kama mgeni asiyekaribishwa. Kwa kambi ambayo watu elfu hamsini wanagombea visima vya watu elfu kumi na mbili, habari hii si ya maabara tu.

Matibabu nayo yanakwenda kinyume na mazoea. Mama anapomwona mwanawe amevimba, moyo humwambia ampe mayai na nyama haraka. Hospitalini mtoto aliyezidiwa huanzishiwa maziwa maalumu yenye protini kidogo sana, chini ya gramu moja kwa kila mililita mia, kwa sababu ini lake haliwezi kubeba zaidi. Protini huongezwa siku kadhaa baadaye, akishatulia. Kwa hiyo nawasihi majirani: mtoto aliyevimba miguu yote miwili, ukibonyeza kwa dole gumba kwa sekunde tatu na shimo likabaki, si wa kulishwa kwa nguvu nyumbani. Apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Wilaya ya Dowa ina sifa yake hapa, na inapaswa kuisemea. Baada ya njaa ya 2002, shirika la Concern Worldwide na wataalamu wa Valid International walianzisha Dowa mpango wa kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali wakiwa nyumbani, kwa siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Watu wakaiita chiponde. Kabla ya hapo mama alilazimika kulala wodini wiki kadhaa akiacha watoto wengine peke yao. Matokeo ya Dowa, pamoja na ya Ethiopia na ya kusini mwa Malawi, yalichangia tamko la 2007 la Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa kukubali tiba hiyo kwa dunia nzima.

Je, basi protini imetolewa hatiani? Hapana, na hapa natofautiana na wanaoirudia hoja ya McLaren kana kwamba ndiyo neno la mwisho. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 313 wa vijijini kusini mwa Malawi. Waliodumaa walikuwa na kiwango cha chini cha asidi amino zote tisa za lazima kwenye damu, ukilinganisha na wasiodumaa. Udumavu huu hauvimbi miguu, haumpeleki mtoto wodini. Unamfanya awe mfupi kuliko umri wake na kumpunguzia uwezo wa kujifunza. Takwimu za kitaifa za 2015 na 2016 ziliuonyesha kwa asilimia 37 ya watoto wa Malawi chini ya miaka mitano. Unyafuzi una sababu nyingi, sawa. Lakini mtoto anayekua kwa ugali mweupe na majani anakosa matofali, na hilo linapimika kwenye damu yake.

Tiba rahisi ingekuwa yai moja kwa siku. Ecuador walijaribu, na matokeo ya 2017 yalikuwa mazuri mno: watoto walirefuka na udumavu ukapungua karibu nusu. Mangochi, kando ya ziwa, walijaribu kwa watoto 660 na mwaka 2019 wakatoa jibu: kwa ujumla hawakurefuka zaidi ya wenzao. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba watoto wa Mangochi tayari walikuwa wakila samaki. Naona hapa somo la moja kwa moja kwa Dowa, ambako hakuna ziwa. Thamani ya yai inategemea kilichokuwa kwenye sahani kabla yake, na sahani ya Dzaleka katika wiki ya tatu ya mwezi haifanani na ya mvuvi.

Kuna maradhi ya protini ambayo chakula hakiyagusi, na ni vyema kuyatenga ili wazazi wasijilaumu. Selimundu inatokana na kosa la asidi amino moja tu katika himoglobini, sehemu ya sita ya mnyororo wake mmoja, ambapo nafasi ya asidi ya glutamiki imekaliwa na valini. Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa ugonjwa huu duniani, kwa hiyo Dzaleka unao. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba anayerithi nusu ya kasoro hiyo analindwa dhidi ya malaria, ndiyo maana imedumu kwetu. Hakuna dengu wala dawa ya mitishamba inayoinyoosha seli ile. Kuna kinga dhidi ya maambukizi, maji ya kutosha, na dawa ya haidroksiyurea, na familia inapaswa kuulizia kliniki Lilongwe. Wenye figo zilizochoka kwa kisukari au presha nao wapo; kwao ni daktari anayepanga kiasi cha protini, na tangazo la mtaani la unga wa kujenga misuli lisiwahusu.

Narudi kwenye mgao, kwa sababu ndiko mkono wa binadamu unakofika. Mkimbizi wa Dzaleka haruhusiwi kirahisi kuishi wala kufanya kazi nje ya kambi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 ikiweka vizuizi juu ya haki ya kazi na ya kutembea, na mwaka 2023 serikali iliamuru waliokuwa na maduka na makazi Lilongwe na kwingineko warudi kambini. Baadhi ya waliorudishwa walikuwa wakilisha ndugu zao wa Dzaleka kwa faida ya duka; baada ya amri wakawa midomo ya ziada kwenye mgao ule ule. Anayepanga chakula akiangalia gramu bila kuangalia amri hii anahesabu upande mmoja wa mizani.

Yapo yanayoweza kufanyika bila kusubiri sheria ibadilike. Fedha zigawanywe mara mbili kwa mwezi badala ya moja, ili mboga ifike wiki ya tatu. Upunguzaji ukilazimika, kunde na karanga ziwe za mwisho kuguswa, wala si za kwanza. Kila kaya yenye mtoto chini ya miaka miwili ipate usipa wa unga au soya juu ya mgao wa kawaida. Wafugaji wadogo wa kuku kambini wapate chanjo ya kideri kwa wakati, maana mlipuko mmoja wa ugonjwa huo unafuta mayai ya mwaka mzima.

Lakini kikubwa kuliko vyote ni kibali cha kwenda na kurudi. Mtu anayeruhusiwa kuuza Lilongwe asubuhi na kurudi Dowa jioni na kikombe cha usipa mfukoni anatatua tatizo la laisini la nyumba yake siku hiyo hiyo, na kesho yake tena. Kibali hicho hakimo kwenye bajeti ya chakula ya shirika lolote, ndiyo maana hakitajwi vikao vya mgao vinapoketi.